Nywele za mbele zinakimbia: minoxidil, vidonge au kupandikiza?

Mlandege: Wakuu, pembe zangu zote mbili za mbele zinarudi nyuma. Kuna jamaa anatoka Dubai wiki ijayo, nimwagize minoxidil ya kupaka au vidonge vya finasteride? Au nijichange nikapandikize Istanbul? Kejeli baadaye, ushauri kwanza.

Fundi Saa: Umri? Wajomba wakoje? Unasuka?

Mlandege: 24. Mzee wangu ana nywele zote.

Mama Nasri: La kusuka umeliruka.

Kaunta: Nauza dawa. Minoxidil ya 5% inapakwa kwenye ngozi, asubuhi na jioni. Wiki za mwanzo nywele hupukutika zaidi, na wengi hukata tamaa hapo. Subiri miezi minne hadi sita, na ukiacha, zilizoota zinaondoka. Finasteride ni miligramu 1 kwa siku, inapunguza DHT, homoni inayosinyaza vinyweleo. Ndiyo hiyo hiyo ya tezi dume, kule ni miligramu 5. Hiyo usiagizie begi la mtu, muone daktari wa ngozi.

Mtoto wa Kona: Si ndiyo inayoua nguvu za kiume? Bora kipara!

Kaunta: Huwapata wachache. Ila wapo wanaosema tatizo halikuisha hata baada ya kuacha, kwa hiyo sikucheki.

Bwana Nyonyo: Makemikali ya nini? Mafuta ya nyonyo na maji ya kitunguu, basi.

Mama Nasri: Na shuka nani atafua?

Mzee wa Piko: Mimi nilitaka njia ya mkato. Kinyozi wangu kila nikienda "anasawazisha" mstari, yaani kulia kukirudi nyuma, na kushoto anakurudisha. Halafu anajazia piko, unatoka pale bwana harusi mtupu. Siku hiyo kafungua paketi mpya, kapaka, kakaa anaangalia mpira mpaka ikakauka. Usiku kichwa kinawasha, paji limetoa malengelenge palepale alipopitisha brashi. Asubuhi macho hayafunguki, mke akajua nimepigwa baa. Hospitali wakasema ni PPD, ile kemikali ya kwenye piko, nisiiguse tena maishani. Na vinywele vilivyokuwa vimebaki vikaondoka na magamba.

Mlandege: Duh, mimi napakwa kila wikiendi. Na ndiyo, nasuka mistari, nafunga mpira nyuma. Inahusiana nini?

Fundi Saa: Fumua leo! Nywele ikivutwa muda mrefu mzizi unakufa, hapo hakuna dawa ya kuufufua.

Dada wa Mbali: Istanbul usikimbilie. Nywele zetu mzizi umejikunja chini ya ngozi, asiyezizoea anaukata wakati wa kuutoa. Una makovu yanayovimba? Na kwa umri wako za nyuma zinaweza kuendelea kuondoka, ukabaki na kisiwa mbele.

Mtoto wa Kona: Kipara ni pesa, mwacheni.

Bwana Nyonyo: Kawaambie Msumbiji. 2017 polisi walionya wenye vipara wanauawa kwa imani kwamba kichwani mna dhahabu.

Mtoto wa Kona: Uzushi huo.

Mama Nasri: Si uzushi, ilitangazwa. Shemeji yangu alikuwa na safari ya huko, akanunua kofia.

Mtoto wa Kona: Shemeji yako kipara chake kimetoka upande gani, baba au mama?