Tangled ya 2010: zile nywele waliziwezaje?

Mpenda_Fremu:
Wakuu, habari za jioni. Tangled ya Disney ni rahisi kuipita ukidhani ni katuni nyingine tu ya binti mfalme. Kumbe ni kazi kubwa mno! Hata ukiitazama fremu kwa fremu, nywele za Rapunzel, yule binti aliyefungiwa mnarani, zinaburuzwa sakafuni, zinapitishwa kwenye ndoana juu ya dirisha, zinamfunga mtu kitini, na bado zinabaki laini na nzito kama nywele. Walifanyaje? Na anayetumia Blender (programu ya kutengeneza katuni za 3D) kwenye mashine ya RAM GB 16 aige nini? Tatizo langu ni kwamba simulesheni (kompyuta kuigiza mwendo wa nywele) ikianza, ncha za nywele zinarukaruka hadi nje ya skrini.

Fundi wa Mifupa:
Mkuu, hawakukokotoa kila unywele. Nywele zile ni zaidi ya laki moja, urefu wake futi 70 hivi, yaani kama mita 21. Kompyuta ilihesabu mwendo wa mirija 147 tu, kila mmoja ukiwakilisha fungu la nywele, zilizobaki zikajazwa kufuata mirija hiyo. Kelly Ward, mmoja wa wahandisi walioandika programu ile, shahada yake ya uzamivu ilikuwa juu ya hilohilo la kuigiza nywele.

Lakini kilichoipa filamu uhai ni kukataa fizikia ya kweli. Nywele za urefu ule zingevuta shingo nyuma, na msuguano wa sakafu ungezikamata. Wao wakaziacha ziteleze kirahisi kufuata urefu wake, huku zikizuiwa kutawanyika ubavuni. Tazama Rapunzel anapozunguka mle mnarani: shungi linapita palepale alipopita yeye, kama nyoka anayefuata kichwa chake. Halikati kona, halifagii sakafu. Hapo unauona mkono wa Glen Keane, mchoraji wa penseli aliyemchora Ariel kwenye The Little Mermaid ya 1989. Alitaka kila mkunjo usomeke kama mstari uliochorwa.

Kibuyu3D:
Kuhusu hizo ncha zinazoruka, anza na kipimo. Kama kichwa ulikikuza ukiwa Object Mode (hali ya kushika umbo zima), bonyeza Ctrl+A uchague Scale KABLA ya kuweka nywele. Ukichelewa, nywele zitahama mahali pake.

Kisha kagua Collision, yaani mpangilio unaozuia vitu kupenyana. Mizizi ikizama ndani ya ngozi yenye Collision, kila fremu ngozi inausukuma unywele nje na mzizi unaurudisha ndani. Ugomvi huo ndio unaorusha ncha. Dawa yake: tengeneza kichwa cha pili chenye poligoni (vipande bapa vinavyounda umbo) chache, kipunguze kidogo kikae ndani ya kile cha kwanza, kifiche wakati wa kurenda (kutoa picha ya mwisho), halafu hicho ndicho ukipe Collision. Cha juu kiondolee Collision.

Nyuzi za kuongoza weka 100 hadi 150, zijazie kwa Interpolated (nywele za ziada zinazojazwa katikati ya nyuzi hizo): 5 kwa kila uzi wakati wa kazi, 50 wakati wa kurenda. Segments, yaani vipande vya kila uzi, zinaanza na 5, na hizo kwa nywele ndefu hazitoshi kabisa, zinapinda kama fimbo iliyovunjika. Panda hadi 20. Quality Steps (hatua za hesabu kwa kila fremu) ikiwa 5 na nywele zinatetemeka, nenda 10, hata 15, ila muda nao utaongezeka. Hifadhi faili kwanza ndipo u-bake, yaani ukokotoe mwendo wote na kuuhifadhi.

Tahadhari moja: nywele hizi za Particle System ya Blender hazigusani zenyewe kwa zenyewe, kwa hiyo msuko utajipenya. Kwa shungi refu tumia ukanda mwembamba wenye Cloth (mwendo wa kitambaa) na Self Collisions (usijipenye), kisha nywele zifuate ukanda huo.

Mwana wa Ngano:
Naongezea upande wa hadithi, maana nao umefanywa kwa heshima. Kwa ndugu Grimm, 1812, mume anaiba mboga bustanini kwa ajili ya mkewe mjamzito, mtoto anachukuliwa kuwa malipo. Baadaye mwana wa mfalme anapofuka, na machozi ya Rapunzel ndiyo yanayomponya. Filamu imeweka ua la dhahabu badala ya mboga, mwizi badala ya mwana wa mfalme, lakini machozi imeyaacha palepale yanapohitajika. Nampenda pia farasi Maximus: hasemi neno hata moja, na bado kila anachowaza unakisoma shingoni na puani.

Mpenda_Fremu:
Asanteni sana, cha Collision ndicho hasa. Na zile taa za karatasi zinazopaa juu ya ziwa?

Kibuyu3D:
Zile ni zaidi ya 45,000. Wewe tengeneza taa moja, nakili kwa Alt+D ili nakala zote zitumie poligoni zilezile. Shift+D inanakili na poligoni zenyewe, na RAM itajaa mapema. Usiweke balbu ndani ya kila taa, picha itajaa chembechembe. Karatasi ipe Emission (ing'ae yenyewe), kisha weka taa halisi tatu au nne karibu na mtumbwi ziangaze nyuso. Za mbali zizungushe na kuzipunguza ukubwa moja moja, zikilingana tu jicho litagundua mara moja.