Mrejesho: zile picha za Lamu zilizotoka bluu

Wadau nimerudi. Niliuliza mbona picha nilizopiga kwa kamera ya filamu (ile ya mkanda, si dijitali) vichochoroni Lamu kuta za chokaa zimetoka bluu na mimi niliziona nyeupe pee. Basi mlioniambia niskani upya huku nimezima otomatiki ya rangi asanteni sana, nimefanya hivyo na ubluu umezidi! Kumbe uko kwenye negativu yenyewe (ule mkanda uliosafishwa), filamu ya mchana imepangwa kwa mwanga wa jua, kama Kelvin 5500 (kipimo cha rangi ya mwanga) na kule kichochoroni jua halifiki, ukuta unapata mwanga wa anga tu ambao ni bluu zaidi, jicho linajirekebisha bila hata kukwambia, filamu haina habari hiyo. Skana ya studio nayo ilikuwa inakisia kila picha kivyake, ndio maana mlango ule ule mara mwekundu mara kijani kijani. Sasa fremu zote za kichochoro kimoja nazipa marekebisho sawa, ila nimeacha bluu kidogo kivulini, ikiisha yote picha inapooza. Kanga ya zambarau ya shangazi bado inanitesa lakini, rangi yake haitoki sawa, hiyo si mwanga, tabaka za filamu hazioni rangi sawa na jicho. Mwenye filta ya 81A (ya lenzi, inayopunguza ubluu) ya kuuza, Lamu ama Malindi, anicheki.