Tongi ya bei nafuu: mikunjo inaachia kabla sijafika tao

nyambu_umoja

Habari za jioni wadau. Nina tongi ya umeme ya kukunjia nywele, ya kutoka Dubois Road, Nairobi, ile ya kawaida kabisa: chuma cha 25 mm, swichi moja ya kuwasha na kuzima, taa nyekundu, hakuna pa kupanga joto. Nywele ni zangu, hazijatiwa dawa. Nazipiga blodrai kwanza, na zikinyooka zinagusa mabega. Mikunjo inatoka vizuri, lakini matatu ikifika tao, yaani mjini, tayari imelegea, na ya kisogoni imefura kama pamba. Ncha nazo zinapinda kama ndoana. Naogopa kuzishikilia muda mrefu zisije zikaungua. Shida ni tongi ya bei rahisi au ni mkono? Na wigi je, inakubali tongi?

msusi_southb

Tongi yako haina kosa kubwa, dada. Anza na hicho kisogo kilichofura, maana hapo ndipo siri ilipo: hakikukauka.

Joto huachanisha viunganishi vidogo vya haidrojeni ndani ya unywele, navyo hujifunga upya unywele unapopoa. Hapo ndipo mkunjo unaposhika. Maji huviachanisha vilevile, kwa hiyo unyevu ukibaki, nywele zinarudi kwenye umbo lake la kuzaliwa. Tena chuma cha moto kwenye nywele mbichi huchemsha maji ndani ya unywele, yanaacha mapovu, na unywele unakatikia hapo. Ukisikia "tsss", toa tongi.

Kupima ukavu: ukimaliza blodrai, ngoja dakika 5 nywele zipoe. Zikiwa bado moto kila kitu huonekana kikavu. Kisha ingiza vidole kisogoni hadi kwenye ngozi. Ukihisi ubaridi, maji yapo.

Baada ya hapo, mafuta. Zile za kopo, nzito, zisikaribie siku ya tongi. Zinatoa moshi, zinakaanga nywele, na uzito wake unavuta mkunjo chini. Serumu ya kukinga joto kiasi cha punje moja ya minji inatosha kichwa kizima cha urefu wako. Isugue viganjani kwanza, anza na ncha. Kama kinga yako ni ya kupuliza, iache ikauke kabisa kabla ya kushika tongi.

Gawa nywele mafungu manne, uanze chini kisogoni. Kila kishungi kisizidi upana wa chuma chenyewe, yaani sentimita 2.5, na kiwe chembamba kiasi kwamba ukikiinua mbele ya taa unaona mwanga ukipenya. Kikiwa kinene, nywele za nje zinaungua na za katikati hazijapata joto. Wengi wanaharibikia hapa kwa sababu ya haraka.

Kuhusu ndoana: unabana ncha kwanza, sivyo? Bana katikati ya kishungi, legeza ule ulimi (kibanio cha tongi) kidogo, teleza mpaka ncha zote ziwe zimelala chini yake bila hata moja kuchomoza, halafu ndipo uzungushe kwenda juu. Simama sentimita 2 kabla ya ngozi, na uweke chanuo katikati ya chuma na kichwa. Chanuo la plastiki laini litayeyuka, tafuta lile gumu la kustahimili moto. Hesabu sekunde 8 hadi 10. Fungua ulimi, chomoa tongi kwa upande. Usiivute kushuka, utanyoosha ulichokunja.

Sasa hatua ambayo karibu kila mtu anairuka nyumbani. Kishungi kikitoka bado ni laini kama chapati iliyotoka kwenye kikaango. Kipokee kiganjani kikiwa bado kimejiviringisha, kikunje kama sarafu, ukibane kwa pini. Kiache hivyo hadi kichwa kizima kiishe na vyote vipoe, angalau dakika 15. Ukikiachia kining'inie kikiwa moto, kinapoa kikiwa kimenyooka, na hilo ndilo umbo kitakalolishika. Ukifungua, tenganisha kwa vidole. Chanuo kaa nalo mbali.

kerubo_k

Hayo yote ni marefu. Tafuta tongi ya kufika nyuzi 230, mikunjo itakaa wiki.

msusi_southb

@kerubo_k itakaa hata baada ya kuosha, na hapo ndipo utajua umeharibu. Nywele asilia zikigoma kujikunja zikiloweshwa, protini yake imeungua, na dawa yake ni kukata. Nywele nyembamba au zilizotiwa dawa zisipite 160. Nene na ngumu zinaweza kufika 180 hadi 190. Juu ya 200 kwa nywele za kichwani, hapana. Kama joto halipangiki, bana kipande cha tishu nyeupe kwa sekunde 5: ikigeuka manjano au kahawia, zima, ngoja dakika moja, pima tena. Na kishungi kimoja kipitishe tongi mara moja tu kwa siku. Kikikataa, kibane kwa pini tu.

fundi_luthuli

Niongezee upande wa umeme, maana tongi za bei ya chini nyingi hufia hapo.

Ile taa nyekundu inaonyesha umeme umefika, haionyeshi kwamba chuma kimepata moto wa kutosha. Tongi nyingi zisizo na kitufe cha joto zina kipande cha kauri ndani kinachojipunguzia umeme chenyewe kikifika joto fulani, na zinachelewa. Ipe dakika 5 hadi 8, hata kama boksi linasema 1. Ukianza mapema, vishungi vya kwanza (ambavyo ni vya kisogoni!) ndivyo vinavyoachia mapema.

Soma maandishi kwenye mpini. Yaseme 220–240 V. Zile zinazoletwa kutoka Marekani zenye 120 V pekee, kwenye soketi zetu za 240 V nguvu inaruka mara 4. Ni dakika chache tu kabla ya harufu. Na adapta ya plagi inabadilisha miguu tu, haibadilishi volti. Za Uingereza hazina shida, plagi na volti ni kama zetu. Fyuzi ndani ya plagi iwe ya ampea 3. Ya 13 itaacha waya mwembamba uungue kabla haijakatika.

Ukimaliza, usiviringe waya kwenye mpini. Unapoingilia mpini ndipo nyuzi za shaba hukatika. Dalili ni taa kupepesa ukigeuza mkono. Ikifika hapo, peleka kwa fundi au tupa, usifunge selotepu.

Wasiwasi wa tokeni za umeme usiwe nao. Tongi ya wati 40 ikiwaka nusu saa inakula uniti 0.02. Blodrai ya wati 2,000 kwa dakika 15 inakula 0.5. Mlaji ni blodrai.

wanja_wigi

Wigi: ng'oa uzi mmoja, uwashe kwa kiberiti juu ya sinki. Ukinuka nywele na kubaki majivu yanayopondeka, ni nywele za binadamu, tongi inakubali. Ukijikunyata na kuacha kidonge kigumu, ni plastiki, na tongi itakugeuzia wigi gundi. Hiyo ikunje kwa rodi (vijiti vya kukunjia) na maji moto kama msusi anavyofanya ncha za rasta, iache ikauke kwenye rodi. Zipo za plastiki za kustahimili joto, lakini fuata nyuzi za joto zilizoandikwa kwenye pakiti, na kwa tongi isiyopangika kama yako heri usijaribu.

nyambu_umoja

Asanteni sana. Kumbe nilikuwa naanza taa ikiwaka tu. Mbele nywele ni fupi, kama sentimita 10. Hazikunjiki, zinapinda tu. Mbona?

msusi_southb

Hesabu tu hiyo. Chuma cha 25 mm kina mzunguko wa karibu sentimita 8, kwa hiyo nywele za 10 zinazunguka mara moja na kidogo. Ukitoa zile 2 za karibu na ngozi, inabaki raundi moja tu. Tafuta chuma cha 13 mm kwa mbele, au uziache hizo kwa rola usiku. Na futa chuma kwa kitambaa chenye spiriti kikiwa baridi na plagi imetoka. Serumu ikiganda pale, nywele zinanasa. Ukijichoma paji la uso, ni maji baridi ya mfereji kwa dakika 20. Kolgeti iache mahali pake.