Kazima Rogue One upanga wa Vader unawaka, halafu washamba ni sisi!

Wakuu, nimetoka ukumbini kwake sasa hivi, mikono bado inatetemeka, mnivumilie uandishi. Simtaji. Mnamjua. Yule yule mwenye projekta na mdomo, ambaye kila muvi kaiona kabla ya aliyeitengeneza.

Kazima. KAZIMA! Tumekaa kwenye benchi tangu magharibi, tunaangalia Rogue One, muvi ya pembeni ya Star Wars. Tumemwona K-2SO, yule roboti, anawafungia wenzake mlango huku risasi zinammaliza. Tumemwona Donnie Yen, anayecheza kama Chirrut kipofu, anatembea katikati ya mapigano kwenda kuvuta swichi. Jyn na Cassian, waasi wakuu wa muvi, wamekumbatiana ufukweni kwenye sayari ya Scarif, wanasubiri kufa. Watu wazima wanajipangusa macho. Halafu ile korido ya meli: taa zimezimika, waasi wamebanana kwenye mlango uliokwama, pumzi ya Vader, adui mwenyewe, inasikika gizani, upanga mwekundu ndiyo kwanza unawaka... na mheshimiwa anabonyeza rimoti! Eti "muvi imeisha, zilizobaki mbwembwe."

Nimepiga ukelele mpaka mbwa wa mtaa wa pili wameitikia. Nikamuuliza kwa nini. Akanijibu mbele ya ukumbi mzima: "Star Wars ni ya kina Skywalker. Hizi za pembeni ni makombo ya sinia la wenyewe. Washamba ndio mnalia."

Makombo! Muvi iliyoingiza zaidi ya dola bilioni 1! Star Wars ya kwanza, ile ya 1977, inaanza na maandishi yanatuambia majasusi wa waasi wameiba ramani za Death Star, kituo cha angani kinacholipua sayari, basi. Waliiba akina nani, walilipa nini? Tulikaa karibu miaka 40 mpaka Gareth Edwards alipotuletea jibu Desemba 2016. Hata ule udhaifu wa Death Star uliochekwa miaka yote, humu tunajua baba yake Jyn, aliyelazimishwa kuijenga, aliupachika makusudi. Muvi ya pembeni ikiwa na lake la kusema inasimama. Hii imesimama. Na ile korido ndiyo inayoiunganisha na ya 1977, ramani zinapita mkono kwa mkono mpaka kwa binti mfalme Leia. NDICHO KIPANDE ALICHOZIMA.

Kidole nimekiona kwa macho yangu. Upanga unawaka, kidole kinashuka.

#2
Nimewahi siti ya mbele. Ila mkuu, kiingilio ulilipa au ulipitia dirishani kama kawaida?

#3
Mtoa mada kunywa maji kwanza. Muvi ya 2016 hiyo, kipande kimejaa mtandaoni.

#4 (mtoa mada)
Simu na ukuta mzima ni sawa? UPANGA ULIKUWA UNAWAKA.

#5
Afadhali wewe. Mimi alinikalisha kwenye Solo, ile ya pembeni ya ujana wa Han Solo, mpaka mwisho, hakugusa rimoti hata mara moja. Wakurugenzi wawili wametimuliwa katikati ya kazi, kaitwa Ron Howard, ikatoka Mei 2018, miezi mitano tu baada ya Star Wars nyingine, The Last Jedi, na haikufika hata dola milioni 400. Nani aliuliza Han kalipata wapi jina la Solo?

#6
Solo msiiguse. Donald Glover kama Lando mlimwona, au mlikuwa mmelala?

#5
Nililala.

#7
Watu wa Star Wars mnadeka. Sisi wa Mad Max tumeisubiri ya pembeni yetu, Furiosa, tangu Fury Road ya 2015, imekuja 2024, kali kabisa, na sinema zikawa tupu. Hatujafungua uzi.

#8
Huyo bwana anaijua tamthilia ya Andor? Imetokana na hiyo hiyo "makombo", misimu miwili, 2022 na 2025. Makombo yamezaa, na mtoto kaizidi sinia.

#9
Shida yangu kwake ni yule DJ anayemleta kutafsiri. Chirrut anasali, DJ anasema anaita bodaboda.

#10
DJ mwacheni! Bibi yangu hajui Kiingereza hata neno moja, lakini ukimuuliza habari za Death Star anakusimulia mpaka usiku wa manane, kwa sababu ya DJ huyo huyo.

#9
Basi bibi anajua Vader ni mjomba wa Luke, si baba yake, maana ndivyo DJ alivyosema.

#11
DJ sawa, na feni je? Feni moja ukumbi mzima, na imemgeukia yeye.

#4 (mtoa mada)
Wakuu turudi kwenye mada. Alizima kabla Vader hajapiga hata hatua moja.

#12
Feni imekufa tangu Idi. Ile unayoisikia ni projekta.

#13
Na soda bado anauza ya moto kwa bei ya baridi?

#11
Tena kapandisha.