Nukta nyeupe ukizima televisheni ya kisogo: kinga ipi inafaa?

Mkazi wa Umoja: Salaam, wanajukwaa. Nina televisheni ya kisogo, ile ya zamani yenye mgongo mrefu, ya inchi 21 ambayo wanangu huitumia kwa michezo ya zamani. Kila nikiizima, nukta nyeupe kali hung'ang'ania katikati ya kioo kwa sekunde kadhaa, na sasa pale pameota doa la kahawia. Fundi mmoja ananishauri ninunue kinga ya umeme. Mwingine anataka kuongeza kapasita (kifaa kidogo cha kuhifadhi chaji) kwenye bodi ya shingoni, nyuma ya kioo. Nimsikilize nani?

Fundi Mstaafu: Kinga ya umeme husaidia stima inaporudi kwa kishindo na kupita volti 240, lakini haigusi tatizo lako. Ukizima, kathodi, sehemu inayotoa elektroni, bado ina moto, na kioo, ambacho chenyewe ni kapasita, bado kimeshika volti zipatazo 25,000. Koili za shingoni zikiacha kuutandaza mwale wa elektroni, elektroni zote hupiga mahali pamoja na kuunguza fosfori, ule unga unaong'aa ndani ya kioo. Dawa ni mbili. Ama kapasita iliyokwisha kuchajiwa iivute gridi ya kwanza, lango la mwale, kwenye hasi na kuuziba mwale, ama mwale ufunguliwe kwa nguvu mara tu unapozima, koili zingali zinafanya kazi, chaji iishe ikiwa imetandaa kioo kizima.

Saketi Kayole: Kwa kazi ya nyumbani ningechagua kuziba, kwa kuwa kunahitaji kapasita, dayodi na rizista tu, ilhali kule kufungua kunategemea koili zisizime mapema. Ubaya wake ni kwamba chaji hukaa kiooni muda mrefu, kwa hiyo asiyejua kuitoa asiguse kofia ya anodi, pale waya wa volti hizo kubwa unapoingia kiooni. Kabla ya kuongeza chochote, angalia kama saketi hiyo imo tayari na kapasita yake imekauka tu.

Dada wa Lehemu: Msisahau mstari mkali wa kulala, unaotokea mwale usipotandazwa juu na chini, maana nao huunguza. Seti nyingine husoma mapigo ya wima, yaani ya saketi ya kuutandaza mwale juu na chini, na yakikoma huzima picha. Yangu haikuwa na ulinzi huo. Chanzo kilikuwa ufa mwembamba kama unywele katika lehemu, kuzunguka mguu mmoja wa IC (chipu) ya wima.

Mkazi wa Umoja: Saketi ilikuwamo. Fundi wa pili amekuta kapasita imefura kichwa, akaibadilisha, na nukta imetoweka. Doa limebaki, nalo huonekana zaidi picha ikiwa nyeupe.