Ushauri: tunataka wasanii wa Pemba waombe kuonesha kazi zao, tangazo tuliandike vipi?

Mwana wa Wete
Assalam aleykum ndugu zangu. Shehia yetu ina ghala kuukuu la mawe, tumelisafisha liwe pahala pa maonesho ya sanaa. Kila miezi miwili tutampa msanii mmoja au kikundi. Kamati imenipa kazi ya kuandika tangazo, nalo linatoka baada ya Iddi. Rasimu inataka barua, wasifu na maelezo ya kurasa mbili. Nikiisoma naona wataoomba ni vijana waliosomea uchoraji Unguja, basi. Msusi wa mikeka, mshonaji wa kofia za viua, mchonga milango, hawa hawatoleta kitu, na kwangu mimi chumba bila wao si chumba cha Pemba. Pia wenzangu wanataka kila muombaji alipie ada. Nisaidieni.

Bi Miyaa
Waleykum salaam mwanangu. Kurasa mbili ziondoe leo leo. Mama aliyesuka ukili wa mikeka tangu utoto hana wasifu wa kukuandikia, lakini kaa naye barazani atakueleza kwa nini kapitisha zambarau kando ya njano, na msala ule kamsukia nani. Hayo ndiyo maelezo ya maonesho! Mruhusu ayaseme kwenye simu, mwanakamati ayaandike, kisha amsomee mpaka aridhie. Ongeza picha tano za kazi zake, vipimo, na bei kama anauza. Inatosha.
Na tangazo lisibandikwe kwa sheha tu. Lipelekeni kwenye vikundi vya kuweka na kukopa, ndiko kinamama waliko.

Rangi za Mkunazini
Kaka, mimi ni mchoraji hapa Mji Mkongwe. Ada msimtoze mtu. Chukueni sehemu katika kitakachouzwa, na asilimia iandikwe ndani ya tangazo lenyewe. Kuna pahala niliwahi kuonesha, siku ya malipo ndipo nikaambiwa nusu ni yao. Mpaka leo inaniuma, maana ningejua mapema ningepanga bei nyingine au nisingepeleka kabisa. Andikeni pia nani anabeba hasara kazi ikivunjika au ikiibiwa, na nani analipa nauli ya meli kwa anayetoka Unguja. Na jengine: aliyenunua picha hakununua haki ya kuichapa kwenye fulana. Liwekeni wazi, na asiyejua haki zake muelekezeni COSOZA, ofisi ya hakimiliki ya Zanzibar.

Sasa hilo ghala. Kama kuta ni za mawe na chokaa, misumari msipige, plasta itamwagika yote. Fungeni ubao mrefu juu karibu na dari, kazi zining'inie kwa waya. Masika, Machi hadi Mei, karatasi inanyonya unyevu, inajikunja na kuota ukungu, khasa ikibanwa na kioo bila ya nafasi katikati. Miezi hiyo wapeni wachongaji na wafinyanzi, picha za karatasi zisubiri msimu wa upepo wa kusi. Mikeka nayo iwe mbali na dirisha la jua, rangi ya miyaa, yale majani ya kusukia, hupauka upesi.

Mwana wa Wete
Mmenifungua macho. Kubwa lililobaki ni uchaguzi. Shangazi yangu ni msusi na ataomba. Watu watasemaje?

Babu wa Machomane
Watasema, na watakuwa na haki, ukibaki kwenye kikao. Likifika ombi lake toka nje, na iandikwe kwenye daftari kuwa umetoka. Muwe na msanii mmoja wa kutoka wilaya nyengine, asiye na jamaa hapo. Mliyemkataa muiteni mumwambie sababu uso kwa uso. Akiachwa bila ya jibu, mwaka wa pili haombi tena, na wenziwe hawaombi.
Halafu angalieni kalenda. Karafuu zikiiva watu wako mashamba, hapana atakayekuja. Ramadhani fungueni baada ya tarawehe.

Mwana wa Wete
Ahsanteni sana babu, bi na kaka. Ada nitaipinga kikaoni, na rasimu mpya naileta hapa kesho usiku mniangalizie. Kaka wa Mkunazini, ubao huo wa juu uwe wa upana gani ili ubebe mlango wa kuchonga? Au mlango tuuegemeze chini?

Rangi za Mkunazini
Mlango chini, juu ya magogo mawili, na ufungwe ukutani usije ukamuangukia mtoto. Ubao ni wa picha na mikeka tu.