Kuna mtu ameshusha mchoro wa binti wa watu akatundika bango lake kwenye MSUMARI WANGU

Wakuu, leo sisalimii, mnisamehe. Ndiyo kwanza natoka godauni, kucha zimejaa rangi ya ukuta na chakula hakipiti kooni.

Ni yule yule. Mnamjua. Yule ambaye jagi la juisi likifunguliwa kwenye uzinduzi wowote Dar es Salaam, kuanzia Mbagala mpaka Bunju, yeye tayari ameshika glasi. Kikohozi chake kinatangulia dakika tano, kisha miwani, kisha tumbo, kisha yeye. Anaitwa mdau wa sanaa, na tangu nimjue sijawahi kuona dau lake.

Ameshusha mchoro. AMEUSHUSHA. Akaugeuza uso ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa shuleni, na kwenye msumari ule ule akatundika bango lenye picha yake mwenyewe, anacheka, meno yote thelathini na mbili.

Tulikodi godauni Mabibo, lile lilikuwa la magunia ya unga. Wachoraji tisa, tumechangishana, hakuna mfadhili wala ubalozi. Wiki mbili tumekwangua kuta, tukapiga puti, tukapaka emulsheni nyeupe mikono miwili, wa pili jana usiku. Watu wanadhani kuandaa maonyesho ni kusimama mlangoni na kitenge kizuri. Mwandaaji ndiye anayeazima ngazi, ndiye anayeandika lebo, ndiye anayembembeleza mwenye gari asubiri hela mpaka Jumatatu. Kila mchoro nimeupima, katikati yake ikae sentimita 150 kutoka sakafuni, usawa wa macho ya mtu aliyesimama, asikunje shingo. Ukuta wenyewe ni tofali za saruji. Nimepinda misumari kumi na moja ya zege ndipo wa kumi na mbili ukaingia. Huo wa kumi na mbili ndio alioupenda.

Sasa mchoro aliougeuza. Ni wa binti wa miaka 22 kutoka Morogoro, kaja nao kwenye basi ameupakata, mama yake kaufunga kwa vitenge viwili. Ndani ya mchoro kuna mama anachoma vitumbua alfajiri, giza bado, mwanga wote unatoka kwenye jiko unampiga usoni kutokea chini. Uso umejengwa kwa kisu, rangi ya mafuta nene kama siagi kwenye mkate. Rangi hiyo ikiwa nene hukauka juu tu, ndani inakaa mbichi hata miezi. Nikaandika kwenye lebo kwa herufi kubwa: RANGI MBICHI, USIGUSE. Nikauweka wa kwanza, ukutazame ukiingia, kwa sababu ukuta wa kwanza ndio unaomwambia mgeni atembee polepole au apite.

Nimetoka dakika kumi na tano tu kwenda kuazima waya wa umeme kwa jirani fundi welding. Nikarudi nikakuta meno.

Nikamuuliza mchoro uko wapi. Akanionyesha kwa kidole cha mguu. KWA KIDOLE CHA MGUU. "Huo unatia huzuni, dada. Mgeni rasmi hawezi kuanza na moshi."

Nikauvuta taratibu. Ukagoma. Rangi mbichi ilikuwa imeng'ang'ania emulsheni, na emulsheni nayo ilikuwa haijashika vizuri. Ulipotoka ulitoka na ukuta. Jicho la kushoto la yule mama limefunikwa chokaa, na ukutani pamebaki shavu. Shavu zima, linang'aa kwa mwanga wa jiko, chini kabisa karibu na sakafu, mahali ambapo hakuna sentimita 150.

Binti akaangalia ukuta, akaangalia mchoro, akaniambia, "Dada, si nitaurekebisha tu?" Huku anakunja vile vitenge.

Na yule bwana, wakuu, alikuwa anakagua kama bango limekaa sawa. Kwenye msumari wangu!

Kisiki cha Mpingo:
Pole sana dada. Huyo namjua kabla hujamaliza sentensi ya pili. Mwaka juzi alikuja kwenye maonyesho yetu ya vinyago, akahutubia dakika arobaini kuhusu "vijana wajitume", wakati wachongaji wenyewe wamesimama nje kwa sababu viti vimekaliwa na watu aliokuja nao.

Mtoto wa Tandika:
Uzi bila picha haujakamilika. Tuwekee hilo shavu.

Bosi Kauzu:
Dada umeandika gazeti zima kwa ajili ya msumari. Pale Buguruni ni mia mia hiyo, njoo nikununulie kilo.

Kisiki cha Mpingo:
Bosi Kauzu, hujaelewa. Angesema tu ni mchoro ungesema angechora mwingine. Watu kama ninyi ndio mnasababisha.

Mwaka Kogwa:
Mimi nakuuliza kwa heshima, kwa nini ulipaka ukuta jana usiku na kesho ni uzinduzi? Emulsheni inahitaji kupumua. Na ukuta wa unga una vumbi, bila kupaka praima kwanza lazima ubanduke. Yule bwana ana makosa yake ila na wewe.

Mwenye uzi:
Mwaka Kogwa, tulipewa ufunguo siku tulizoweza kulipia. Na hata ukuta ungekuwa wa marumaru, nani alimtuma aushushe? Lebo ilisomeka USIGUSE. Kakaa mbele yake, kavaa miwani, kaguswa na nini mpaka akauinua? Halafu amegeuza USO. Angeulaza hata chali, uso ungepona. Mpaka sasa naona kile kidole cha mguu.

Babu Hadibodi:
Vijana mnasumbuana na sentimita. Mzee Edward Saidi Tingatinga alianza 1968 na hadibodi na rangi za kung'aa za baiskeli, picha zikauzwa pale Morogoro Stores, Oysterbay, Wazungu wananunua wanaondoka. Hakuwa na pimamaji wala ukuta mweupe.

Kisiki cha Mpingo:
Babu, na yeye alifariki 1972 kwa risasi ya polisi, akaacha wanafunzi wake wanahangaika mpaka ushirika wao unakuja kusimama 1990. Mchoraji asiye na wa kumsimamia hupangiwa bei na mwenye duka. Ndiyo maana tunataka watu kama huyu dada, wanaopima na kuandika jina la mchoraji kwenye lebo.

Babu Hadibodi:
Lebo haili mtu ugali.

Wambo wa Eastlands:
Hata huku Nairobi tuko na wa kwetu, dada. Wetu akifika anauliza sambusa ziko wapi kabla hajauliza msanii ni nani. Mwaka jana alikula sahani mbili akaenda, na kwenye kitabu cha wageni akaandika "nice food". Sisi tuliamua maonyesho ni chai ya rangi peke yake. Waliokuja walikuwa kumi na sita lakini walikuja kuona.

Mtoto wa Tandika:
Chai ya rangi bila kitafunwa? Hapo mimi siji hata iwe picha ya marehemu babu yangu.

Shangazi Brashi:
Mimi huyo bwana aliniambia anapeleka michoro yangu mitatu "nje". Nikamwamini, nikalipia mwenyewe kufungasha. Mwaka mzima kimya. Siku moja naingia ofisi ya mtu Posta kufuata mambo yangu ya kodi, nikakuta mmoja uko juu ya birika la chai, umewekewa fremu ya dhahabu, sahihi yangu imefunikwa na ukingo. Hiyo ndiyo nje niliyoahidiwa.

Kisiki cha Mpingo:
Shangazi!! Uliuchukua?

Shangazi Brashi:
Nilipiga picha, nikatoka. Nilikuwa na namba ya foleni 46 na walikuwa wamefika 44.

Mwenye uzi:
Shangazi pole sana, hilo nalo ni kubwa. Ila jamani turudi kwenye msumari. Kesho tunafungua saa nne na bango bado lipo, anasema mgeni rasmi ameshaliona kwenye picha hivyo haliwezi kuondoka. Nalishusha asubuhi, liwalo na liwe. Lile shavu ukutani sipaki juu yake. Nimeliwekea lebo yake, jina la binti, mwaka, rangi ya mafuta kwenye ukuta.

Mwaka Kogwa:
Hapo nimekupenda. Bei umeweka?

Fundi Mitaro:
Tukiongelea fremu, mafundi fremu wa mji huu mmetushinda. Nimempa mtu kazi mwezi wa tatu, anasema mbao inakauka. Mbao gani inakauka miezi mitano, anaipanda upya?

Shangazi Brashi:
Wangu alinikatia mchoro ili uingie kwenye fremu. KAKATA MCHORO. Anasema pembeni palikuwa hapana kitu. Palikuwa na bahari!

Bosi Kauzu:
Hahaha bahari imekatwa. Huyo fundi apewe wizara ya ardhi.

Fundi Mitaro:
Wa kwangu kioo kaweka chenye ufa halafu ananiambia ni mstari wa mchoro. Mchoro wenyewe ni wa twiga.

Mtoto wa Tandika:
Kwani fremu ya futi mbili kwa tatu siku hizi shilingi ngapi? Nina picha ya harusi inaliwa na mende.

Dalali Mwaminifu:
Wakuu nimeona fremu zinaulizwa. Ninayo moja ya duka, Sinza, barabarani kabisa, ina mlango wa chuma na luku yake peke yake. Kodi miezi sita mbele, mwenye nyumba mstaarabu.

Mtoto wa Tandika:
Ina choo?